Mbao za Mtaroni

Mwanakheri alikuwa na ugomvi na mtaro, tena si ugomvi wa siku moja. Tangu presha ya macho imchukulie macho yote mawili, mtaro ule wa maji ya mvua uliopita mbele ya nyumba yake, pale Mlandizi, ulimfungia ndani kama kuku anayeatamia. Kila mkutano wa kitongoji alisimama na fimbo yake nyeupe akasema jambo lile lile: funikeni mtaro, tupite wenyewe.

"Bi Mwanakheri, sisi si tupo?" mwenyekiti Jabiri alimjibu kila mara, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto. "Ukitaka kutoka, sema tu. Tutakushika mkono."

Wapi! Leo watakushika, kesho wana shamba, keshokutwa wana harusi, na wewe umekaa kizingitini, baibui umeshalivaa, unasubiri. Mwanakheri alichoka kusubiri. Alichoka pia kushukuru.

Mwishowe kaka yake Hamza, mpasua mbao kule Vihingo, Kisarawe, akamletea mbao nzito kwa lori la Fuso. Wakazilaza juu ya mtaro mbele ya nyumba yake, na nyingine kwenye kivuko cha chini, karibu na kwa Maua. Siku hiyo Mwanakheri alivuka, akarudi, akavuka tena, akicheka peke yake kama mwehu.

Maua alikuwa shoga yake. Naye macho yalishakwisha, ila yeye alikata tamaa mapema. Miaka nenda rudi hakutoka nje bila mwanawe. Mwanakheri akamwendea, akambembeleza, akamvusha huku na huku mpaka akauzoea mlio wa fimbo juu ya mbao.

"Haya, shoga, sasa huna kisingizio," alimwambia. "Kukiwa na jambo kwetu, uje kwa miguu yako."

Jambo lenyewe likawa msiba. Mzee Matano, jirani wa ukuta kwa ukuta, alifariki alfajiri, na ilipasa azikwe baada ya adhuhuri. Mwanakheri akaenda kukaa mkekani na wanawake. Akasikia vijana wanarusha mbao kwenye gari la Kirikuu, na Jabiri anahimiza, "Haraka, jamani, maiti hacheleweshwi!" Alijua ni mbao za kumfunikia marehemu kaburini, udongo usimwangukie. Akadhani zimetoka kwa fundi seremala. Angejuaje? Hakuna aliyemwambia kwamba fundi amesafiri, na kwamba zilizopakiwa ni zile za kivuko cha chini.

Wala hakuna aliyemwambia Maua, ambaye muda huo alikuwa anajifunga khanga aje msibani kwa miguu yake.

Walimtoa mtaroni amepasuka kichwa. Alasiri haikumkuta hai.

"Kazi ya Mungu," Jabiri alisema.

"Usimsingizie Mungu!" Mwanakheri alimkemea mbele za watu. "Mbao mlibeba nyie."

Watu wakaguna. Wengine wakasema tumwache, ana uchungu. Uchungu alikuwa nao, ndiyo, maana aliyemtoa Maua ndani ni yeye, na hilo halikuwa na wa kumpunguzia. Alilia mpaka sauti ikakauka.

Kesho yake asubuhi wakaja kwake. Fundi hajarudi, Maua anasubiri kuzikwa, na mbao zilizobaki kitongoji kizima ni zile za mbele ya nyumba ya Mwanakheri.

"Tunakuomba, Bi Mwanakheri," alisema Jabiri. "Thawabu ni zako."

Mwanakheri akatoka, akapapasa kwa fimbo mpaka aliposikia mlio wa mbao. Akaketi juu yake.

"Hizi hamzichukui."

"Laa haula! Unamnyima shoga yako? Tumfukie hivi hivi, udongo umwangukie usoni?"

Mwanakheri akainua uso. Amnyime Maua, yeye!

"Ingieni ndani," alisema. "Kuna kitanda changu. Ng'oeni chaga zote, mkamfunike vizuri. Mimi nitalala chini. Hizi nilizokalia ni za kuvukia; Maua alihitaji za namna hii jana, akiwa hai."

Wakaingia, zikasikika nyundo, halafu wakatoka wamekumbatia chaga, macho chini. Jabiri akainama karibu yake.

"Basi lete mkono, dada, nikunyanyue watu wapite."

Mwanakheri hakumpa mkono wala hakusogea. Ikabidi wauruke mtaro mmoja mmoja, na chaga zao kifuani, huku yeye ameketi pale pale. Hakuondoka juu ya zile mbao mpaka waliporudi kutoka makaburini.