Sehemu ya Juma Lijalo

Kufikia Alhamisi ile Blanka Kamhi alikuwa ameshajiambia kwamba kazi imekwisha. Suti ya Rafo ilikuwa imepunguzwa miguu, keki imeagizwa, na mtoto mwenyewe alikuwa akiimba sehemu yake ya Torati bafuni, ngazini na kwenye tramu, hadi Erna, mama yake, akasema majirani wa ghorofa ya juu nao wameshaijua. Tangu majira ya vuli Rafo alikuwa akifundishwa kwa kompyuta na Elkana, kijana wa Beersheba huko Israeli, mwenye ndevu chache na subira nyingi. Kilichobaki ni kumsimamisha mara moja mbele ya gombo lenyewe la Torati ili azoee, kisha Jumamosi aitwe kusoma mbele ya watu, kama inavyompasa mtoto wa Kiyahudi aliyetimiza miaka kumi na mitatu.

Sarajevo ilikuwa haijaona jambo hilo kwa muda mrefu. Watoto walikuwapo, wachache lakini walikuwapo. Shida ilikuwa mwalimu. Aliyejua kusoma gombo mjini alikuwa mmoja tu, mzee Santo Abinun, na mzee Santo alikuwa na elimu ya kutosha sinagogi tatu na sauti ya kutosha uwanja wa mpira. Watoto waliingia darasani kwake na vitabu, wakatoka na machozi. Albert, ambaye siku hizi ni daktari wa meno mwenye kipara, alitoroka kwa kuruka dirishani na hakurudi tena.

Ndipo Blanka, msimamizi wa darasa la Jumapili, alipomwambia waziwazi kwamba watamtafuta mwalimu mwingine. Mzee akanuna. Na mtu wa Sarajevo akinuna hanuni kwa mzaha. Kila Sabato alikuja, akasoma gombo, akasalimia watu wote kwa majina na kuwaulizia wagonjwa wao. Akifika kwa Blanka, anatazama dari.

"Mtoto hafundishwi na kioo," alikuwa akimwambia yeyote aliyekaa karibu, kwa sauti ya kuwafikia na waliokaa mbali. "Kioo ni cha kunyolea ndevu."

Kamati ya jumuiya nayo ilikuwa imemwekea Blanka sharti. Rafo akisoma vizuri, masomo ya kompyuta yataendelea na watoto wengine watano watafuata. Akishindwa, basi, darasa lifungwe na chumba wapewe wacheza chesi, ambao walikuwa wakikimezea mate chumba hicho tangu zamani. Blanka alikuwa amefundisha humo nusu ya umri wake. Hakuwa na hamu ya kukikuta kimejaa wanaume wanaokuna videvu.

Alhamisi hiyo mchana, basi, walikuwa wanne ndani ya sinagogi: Blanka, Erna, Rafo na mzee Santo, ambaye alikuja kwa sababu gombo hakuruhusu mtu mwingine aliguse. Alikuwa ameshalikunjua hadi mahali pa juma hilo, kama alivyofanya kila juma, kwa kuwa kila Sabato ina sehemu yake kwa zamu. Alimkabidhi Rafo kijiti cha fedha cha kufuatia maneno, akarudi nyuma hatua chache, akatazama dari.

Rafo alivuta pumzi, akaimba mstari wa kwanza, ule ambao Mungu anasema na Musa. Ulitoka safi, bila kutetemeka, na Blanka akamwona mzee Santo akiteremsha macho kutoka darini polepole, kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa mtaani.

Kisha sauti ikakatika. Kijiti kilikuwa kimesimama.

"Mwalimu," Rafo alisema bila kugeuka, "hapa pana Haruni."

"Haruni gani tena?" Blanka aliuliza.

"Haruni ndugu yake Musa. Na taa. Kwangu mimi hamna taa. Kwangu Musa anatuma watu wakaipeleleze nchi."

"Taa ndiyo sehemu ya juma hili," alisema mzee Santo. "Wapelelezi ni juma lijalo."

Blanka alielewa kabla hajamaliza kusikia. Sikukuu ya Majuma. Israeli wanaisherehekea siku moja, kwingineko siku mbili, na mwaka huu ile siku ya pili iliangukia Sabato. Sabato hiyo huku walisoma habari za sikukuu, na kule wakaendelea na sehemu ya kawaida ya juma. Tangu hapo kule wako mbele kwa juma zima. Alilijua jambo hilo kama alijuavyo jina la mama yake. Alichofanya ni kumtajia Elkana tarehe tu, Elkana akatazama kalenda ya ukutani kwake, na hakuna aliyewaza zaidi.

Alimpigia simu palepale, akaiweka sauti juu ili wote wasikie.

"Dada Blanka," alisema Elkana, "nimewaharibia."

"Tumeharibu wote. Sasa tunafanyaje?"

"Nitamrekodia sehemu ya taa sasa hivi. Masikio yake ni mazuri. Asikilize usiku na kesho asubuhi, Jumamosi ataitoa."

"Sitaki," alisema Rafo.

"Rafo, mwanangu," Erna aliingilia, "shangazi zako wameshapanda basi kutoka Mostar."

"Si wewe uliyeniambia, mwalimu Elkana? Nikiimba nisichokisoma, mimi ni redio. Ukanirudisha mwanzo mara ngapi kwa sababu hiyo? Sasa unataka niwe redio mbele ya shangazi."

Erna akakaa kwenye benchi na kukumbatia mkoba wake. Blanka naye alikuwa ameanza kuona mbao za chesi zikipangwa juu ya madawati yake.

Mzee Santo alisogea mpaka kwenye meza ya gombo, akamtazama mtoto.

"Ulisimama kwa nini?" aliuliza.

"Kwa sababu maneno hayakuwa yangu, babu."

"Mstari wa kwanza ulikuwa wako?"

"Wa kwanza ni uleule. Wa pili ndio umegeuka."

Mzee alitikisa kichwa mara kadhaa. Kisha akamgeukia Blanka, na safari hii hakutazama dari.

"Wangu wangeendelea," alisema. "Wale niliowafundisha mimi. Wangeshika mstari wa kwanza na kwenda nao mpaka mwisho, kijiti kwenye taa na mdomo kwa wapelelezi, na wasingejua. Mimi ndiye ningepiga kelele. Huyu amejisimamisha mwenyewe."

Miezi yote ile Blanka alikuwa ameandaa maneno makali ya kumwambia mzee huyu siku atakapofungua mdomo, na sasa yote yamemruka.

"Halafu nyinyi mnalia nini?" mzee aliendelea, sauti yake ikianza kurudia ukubwa wake. "Jumamosi ina asubuhi tu? Kwenye sala ya alasiri panasomwa nini?"

Erna aliinua kichwa.

"Mwanzo wa sehemu ya juma lijalo," alisema Elkana kutoka kwenye simu, taratibu.

"Kumbe kioo kinajua," alisema mzee Santo. "Mwanzo wa sehemu ya juma lijalo, kila Sabato alasiri, tangu enzi za mababu. Hapa hapa tulikuwa tukiisoma, mpaka waliokuwa wakija alasiri walipokwisha. Asubuhi mtoto ataitwa, atatoa baraka, mimi nitasoma taa. Alasiri atasoma wapelelezi wake."

Blanka alishusha pumzi mpaka mabega yakamlegea, akacheka, kisha akagundua kwamba anacheka na kulia kwa pamoja na wala haoni haya. Rafo aliuliza kama sasa anaweza kwenda kunywa maji.

Ilibaki jambo moja. Gombo halisomwi bila wanaume kumi wa Kiyahudi waliokwisha kutimiza miaka ya utu uzima. Asubuhi hupatikana, kwa sababu baada ya sala kuna chakula. Alasiri, mwezi wa Juni, nusu yao wako kitandani na nusu wako mtoni.

"Niachieni hilo," alisema mzee Santo. Akaketi, akavaa miwani, akatoa simu. Wa kwanza kumpigia alikuwa Albert.

"Albert? Ni Santo. Ndiyo, Santo yuleyule. Sijafa, ningekufa ningekupigiaje? Sikiliza, bwana. Jumamosi saa kumi na moja jioni nakuhitaji sinagogi. Hapana, sitakuuliza kitu. Hapana, hata herufi moja. Njoo tu. Na safari hii ingia kwa mlango."

Akampigia mwingine, na mwingine. Blanka alisimama akisikiliza, akatambua kwamba mzee hakuwa anapiga simu kwa mpangilio wowote ila mmoja: wote walikuwa watoto waliowahi kumkimbia.

Jumamosi asubuhi ilipita salama. Rafo aliitwa, akatoa baraka, na shangazi wa Mostar wakafuta macho. Kwenye chakula kulikuwa na pasteli, ile mikate midogo iliyojazwa nyama, na yale mayai ya kahawia yaliyochemshwa usiku kucha na maganda ya vitunguu, na watu wakala kama waliotoka vitani. Blanka alimega yai moja, likamshinda. Damir, baba yake Rafo, ambaye ni Mwislamu na hakuweza kuhesabiwa kati ya wale kumi hata kwa mapenzi yake yote, alizunguka meza akimwambia kila mwanaume wa jumuiya, "Alasiri unarudi, sivyo, ndugu yangu?" na kumwongezea nyama.

Saa kumi na moja walianza kuingia. Albert aliingia kwa mlango, akiangalia huku na huku kama aliyeitwa polisi. Mwenyekiti wa kamati akaja na usingizi usoni. Wengine wakafuata mmojammoja, wakakaa nyuma, mahali pa wanafunzi watoro.

Kwa Wayahudi watu hawahesabiwi kwa namba. Kuna mstari mfupi wa maneno kumi, na kila mtu anapewa neno. Mzee Santo alianza kuusema polepole, macho yakihama kutoka kichwa hadi kichwa. Maneno tisa yalipata wenyewe. La kumi likabaki mdomoni mwake. Watu waligeuka kuutazama mlango, na mlango ukakaa kimya. Erna alifunika uso kwa mikono.

Kisha mzee akamgeukia Rafo, akamwangalia tangu viatu vipya mpaka kofia, akalitamka neno la kumi juu yake. Mtoto alikuwa ametimiza miaka yake kumi na mitatu Jumanne, na katika hekaheka zote zile hakuna aliyekumbuka kwamba ameshakuwa mmoja wao. Damir, kwenye benchi la mwisho, alipenga kamasi kwa kishindo.

Gombo lilikuwa limeshakunjuliwa mbele, kwa wapelelezi. Rafo alisoma. Mstari wa kwanza, wa pili, na safari hii wa pili ulikuwa wake. Akaingia kwenye majina: wapelelezi kumi na wawili na baba zao, majina ya kuvunja ulimi, kwenye herufi tupu zisizo na alama za irabu. Jina mojawapo akalitamka visivyo.

Blanka aliona mabega ya Albert yakipanda hadi masikioni. Wote pale nyuma mabega yaliwapanda. Walikuwa wanakijua kinachofuata, na miili yao ilikuwa inakikumbuka.

Mzee Santo aliinama, akaweka mdomo karibu na sikio la mtoto, akamnong'oneza. Hakuna mwingine aliyesikia. Rafo akalirudia jina kama lilivyo, akaendelea mbele, mpaka kwenye msimu wa zabibu za kwanza, ambapo usomaji wa alasiri unaishia. Mabega ya Albert yalishuka taratibu, akamtazama Blanka kwa macho ya mtu anayeuliza kama na yeye ameona.

Zikarushwa peremende kutoka kila upande, kama ilivyo desturi, na mojawapo ikampata mwenyekiti wa kamati kwenye paji la uso. Aliiokota, akaimenya, akamsogelea Blanka.

"Wacheza chesi watakaa ukumbini," alisema akiimung'unya. "Kuna hewa nzuri kule."

Blanka alikaa kwenye kizingiti cha mlango, viatu mkononi. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi alihisi njaa. Mzee Santo akaja akasimama karibu yake, mikono mgongoni.

"Huyo Elkana wako," alisema. "Jumapili anafundisha saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi."

"Nitakuja. Lile jina kamfundisha mtoto vibaya, si kosa la mtoto."

"Utamfokea, mzee?"

Mzee alifikiri kidogo.

"Nasikia kile kitu kina kitufe cha kupunguza sauti."

"Kipo."

"Basi mwonyeshe kilipo."

Jumapili, Blanka alipofika na ufunguo, mzee Santo alikuwa ameshasimama nje, amenyoa, na mfukoni ana kalenda ya kumwonyesha Elkana. Watoto watano walikuja na Rafo wa sita, akijifanya hana haraka. Wakati kompyuta inawaka, mlango uligongwa. Alikuwa Albert, na wanawe wawili aliowashika mikono, akiuliza kama bado kuna nafasi.