Usiitike Ukisikia Jina Lako

Siku Goma ilipoambiwa ihame, mlima ukiwa umeshatapika moto na ardhi haikomi kutetemeka, Umuhire aliwahubiria wadogo zake habari za manchot kutoka mtaa wao wa Keshero hadi karibu na mji wa Sake. Alikuwa na miaka tisa, na mtoto wa miaka tisa aliyefundishwa jambo shuleni ni redio isiyozimika. Manchot ni yule ndege wa nchi ya barafu, mwenye mabawa lakini haruki.

"Baba na mama yabo banaendaka mbali kutafuta samaki," alisema. "Batoto banabakia peke yabo mu baridi. Habachezi, habakimbii, habapigi makelele. Banajibana pamoja, kadogo kati, juu nguvu ya mwili isiishe mbiyo."

"Na njaa?" aliuliza Théogène, mwenye miaka sita, ambaye swali lake lilikuwa hilohilo tangu asubuhi.

"Banavumilia. Ule mwenye kutulia ndiye anapona."

"Sasa mama yake akirudi, atamujua namna gani? Si bote banafanana?"

"Kwa sauti."

Mama yao, Wivine, alikuwa na godoro kichwani na Rémy mgongoni, mtoto wa miaka miwili asiyejua kunyamaza. Alisikiliza akafurahi kimoyomoyo kwamba binti yake ana akili. Yeye pia alikuwa amewafundisha somo kama hilo, ila lake hakulitoa kitabuni. Alikulia Kiwanja, mahali ambapo waasi waliingia na kutoka kama watu wa sokoni.

"Risasi ikilia," aliwaambia mara nyingi, "muingie mahali pa chini, mulale, munyamaze. Mutu akiwaita kwa jina, musiitike. Hata kama ni sauti yangu. Mwenye bunduki anaweza kunilazimisha niwaite."

Ishara ya kweli ilikuwa moja tu: mlio wa kuitia kuku, kuru kuru kuru. Wakiusikia huo, waitike kama vifaranga. Walikuwa wakiufanyia mazoezi nyumbani chini ya meza, wakicheka. Baba yao, Dieudonné, ambaye sasa alibaki kulinda nyumba dhidi ya wezi, alizoea kusema kwamba mkewe anawatia watoto woga wa bure. Wa bure! Mtu wa Goma huyo, Kiwanja aliisikia redioni tu.

Mvua iliwakuta njiani, ile mvua nyembamba yenye baridi inayopenya hadi kwenye mifupa. Wivine alimshusha Rémy mgongoni, akawaweka watoto wote watatu chini ya mti kando ya barabara, akawaachia godoro na kusema wasitoke hapo. Akaenda kuomba nafasi kanisani. Kanisa lilikuwa limejaa hadi mlangoni, watu wamesimama wamebanana, na mwanamke mmoja akamwambia bila kumtazama kwamba hata mahali pa kuweka mguu hakuna.

Ndipo risasi zikalia. Ni nani aliyepiga, na kwa nini, hakuna aliyesubiri kuuliza. Umati mzima uligeuka ukakimbia, na Wivine akakimbia kinyume chao, akipigwa vikumbo vya mabegi na viwiko, mpaka akaufikia mti. Mti ulikuwepo. Watoto hawakuwepo, wala godoro. Akamuuliza kila aliyepita.

Mzee mmoja wa pale, jina lake Sikuli, alikuwa akivuta mbuzi wake awatoe bondeni. "Batoto batatu na matela ya kulalia?" alisema. "Nilibaona banakimbilia kule." Akanyoosha mkono kwenye shimo lililokuwa katikati ya mawe meusi. "Mama, kule chini iko mazuku."

Sisi wa Goma hatuhitaji kuelezwa, lakini wewe uliye mbali, sikia. Mazuku ni pumzi mbaya ya ardhi. Haionekani, ni nzito, inajaa mashimoni kama maji, na siku isiyo na jua haiondoki. Aliyesimama huenda akapona. Aliyelala chini haamki.

Na yeye ndiye aliyewafundisha kulala chini.

"Umuhire!" aliita. "Théogène!" Ukungu na mvua vilifunika shimo, hakuna aliyeitika. Akaita tena mpaka sauti ikakatika, na hapo akakumbuka agizo lake mwenyewe. Akaanza kulia kama mwenye kuita kuku, kuru kuru kuru, machozi yakimtoka, na wapita njia wakadhani mama wa watu ameshapata wazimu.

Kutoka chini ikaja sauti moja ndogo. "Piu."

"Jaza pumzi uishike, mama," Sikuli alisema, "na usiiname sana." Wakashuka wote wawili.

Watoto walikuwa wamejibana pamoja kama vile mwalimu alivyofundisha, kadogo kati. Umuhire alikuwa ameketi, kichwa kimeanguka juu ya goti, na mikono yake ingali imemwinua Rémy juu ya godoro lililokunjwa, na Rémy ndiye aliyeitika. Théogène alilala ubavuni. Wivine alimnyakua Rémy na Umuhire, mzee akambeba Théogène, na kule juu wakawalaza kwenye upepo na kuwapiga mashavu. Théogène akakohoa, akatapika. Umuhire alikawia sana. Wivine aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa Kiwanja.

Hatimaye macho yakafunguka.

"Nilisikia ukiniita," msichana alisema polepole, na usoni mwake kulikuwa na fahari. "Sikuitika, mama."

Wivine alimfuta mvua usoni. Akamkumbatia, akimsugua mikono yenye baridi.

Risasi zikalia tena, karibu zaidi. Barabarani watu wote wakajitupa chini kifudifudi. Umuhire akapiga magoti ili alale, akasita, akamtazama mama yake.

"Mama, tulale ao tusimame?"

Wivine aliwashika wote watatu, akachuchumaa nao, si kulala wala kusimama.