Mitego Iliyopumzika Sabato

Bwana afya Kinyanjui hakupaza sauti. Aliinama nyuma ya gunia la unga jikoni kwetu, akachota mavi ya panya kwa kipande cha karatasi, akamwonyesha mwenye hoteli, Mzee Zedekiah Odero.

"Haya ni ya leo, mzee. Bado laini. Nitarudi baada ya wiki mbili, Jumatatu kama leo. Nikikuta kama haya, nafunga."

Hoteli ilikuwa Eastleigh: meza sita, jikoni, na stoo. Mimi niliosha vyombo, na stoo ndiyo iliyokuwa nyumba yangu tangu mume wangu alipofariki. Mwaka huo wa 1981 nilikuwa na miaka arobaini na minne, nami nilikuwa nimeanza gumbaru, yale masomo ya jioni ya watu wazima, kule Huruma. Nilikuwa nimefika mahali pa kusoma Zaburi kwa kufuata kidole. Hoteli ikifungwa, ningerudi kijijini kwetu Siaya, na kidole changu kingekomea hapo. Nilipiga magoti kando ya magunia nikamwambia Mungu jambo hilo bila kupamba.

Mzee Odero alikuwa mstaafu wa reli na Msabato asiyebahatisha. Ijumaa kabla jua halijazama alifunga hoteli, na hakufungua mpaka Jumapili asubuhi. Chakula cha Sabato kilipikwa Ijumaa mchana, sufuria ikafunikwa kwa sinia na jiwe juu yake. Baada ya ibada, yeye na mkewe Truphena walikuja kukila pale pale hotelini.

Alinunua mitego kumi na sumu. Munyoki, mpishi wetu, akachanganya sumu na ugali. Asubuhi ya kwanza tulikuta panya mmoja amekufa karibu na mfereji. Baada ya hapo ugali ulilala na kuamka ulivyo. Mitego nayo haikushika kitu, na kila asubuhi mzee aliihamisha.

"Hapa hawakuja. Weka pale," alisema.

Ijumaa jioni aliikusanya yote ndani ya karai akaondoka nayo. Mtego uliotegwa, alisema, unamfanyia kazi mwenyewe hata akiwa kanisani.

"Hawa panya wameshajua kalenda," Munyoki alisema. "Wakiona karai linatoka, wanaambiana Sabato njema."

"Munyoki, usichezee siku ya Bwana."

"Si mimi, mzee. Ni wao."

Jana yake nilikuwa nimemuuliza mwalimu wetu wa gumbaru, Muasya, ambaye mchana alifanya kazi katika ghala la mahindi.

"Panya ni mwoga, mama," aliniambia. "Akikuta kitu ambacho jana hakikuwapo, anakizunguka siku tatu, hata nne. Chakula kigeni anakionja kidogo tu. Kikimuumiza, hakigusi tena. Lakini usiniamini mimi. Kaa uwaangalie, uandike unachoona."

Ningekaa lini? Hoteli ikiwa wazi, jikoni palijaa watu. Usiku, nikiwasha taa walikimbia. Siku moja tu ilikuwa na mwanga na kimya pamoja, nayo ilikuwa Sabato. Niliomba juu ya jambo hilo usiku kucha, sikusikia kitu.

Asubuhi Mzee Odero na Truphena walibisha mlango wakiwa na Biblia zao.

"Dada Perez, twende."

"Tumbo, mzee. Nendeni tu."

Truphena aliingia, akaweka mkono juu ya tumbo langu, akaliombea. Aliomba kwa bidii, kama mtu anayemwombea mwanawe. Nilisema amina nikiwa nimefumba macho kwa aibu.

Walipoondoka, nilikaa juu ya kreti la soda nyuma ya mlango wa stoo, nikauacha wazi kidogo. Nilikaa hadi miguu ikafa ganzi. Ndipo alipotoka wa kwanza, pale bomba la maji machafu linapopenya ukutani. Hakukata katikati ya sakafu. Alitembea bega likigusa ukuta, akapita nyuma ya gunia la makaa, akapanda hadi kwenye rafu. Nyuma yake walikuja wengine watano, wote kwa njia ile ile. Ukutani palikuwa na mstari mweusi unaong'aa, ambao miaka yote nilidhani ni moshi. Ulikuwa uchafu wa manyoya yao.

Mmoja alikuta ndoo niliyokuwa nimeihamisha jana. Alisimama, akanyoosha mwili wote kunusa, kisha akarudi alikotoka. Niliogopa kidogo. Mnyama yule alipajua jikoni pale kwa moyo kama Zaburi, na neno moja likibadilishwa alijua.

Nikachukua daftari. Kuandika siku ya Sabato kulinichoma, lakini niliandika. Nilipoinua macho, wawili walikuwa juu ya rafu wakilisukuma sinia la sufuria ya Sabato kwa pua, mpaka pakapatikana nafasi ya kuingiza kichwa.

Mzee na mkewe waliporudi, Truphena alikwenda moja kwa moja kuteremsha sufuria.

"Msile," nilisema.

"Kwa nini?" mzee aliuliza.

"Panya wamekula humo. Nimewaona. Mzee, sikuwa mgonjwa."

Truphena aliiweka sufuria chini polepole. Mzee aliangalia daftari mkononi mwangu.

"Umeandika nini?"

Nikasoma, kidole kikifuata. "Panya wanapita ukutani. Wanatoka kwa bomba. Ndoo imehama, panya amerudi. Panya hapendi kitu kipya." Nikafunga daftari. "Mitego yetu ni mipya kila siku, mzee. Na Ijumaa tunaibeba, Jumapili inakuwa migeni tena."

"Kwa hiyo unataka niue siku ya Sabato."

"Hapana. Tuiweke njiani mwao bila kuitega. Tuweke dagaa wa omena juu, wale, wazoee. Sabato ibaki pale pale, haijategwa. Nayo ipumzike. Jua likizama Jumamosi, tuitege."

Truphena ndiye aliyesema, "Zedekiah, ulipokuwa reli, Ijumaa uliliacha gari la moshi steshenini. Hukulibeba nyumbani."

Jumapili tuliipanga mitego ukutani juu ya ule mstari mweusi, na hakuna aliyeigusa ila kuongeza omena. Siku mbili za kwanza omena ilibaki. Jumatano asubuhi hapakuwa na hata kichwa kimoja. Ijumaa tuliweka nyingine kabla ya jua kuzama, nasi tukaenda kupumzika, mitego nayo ikapumzika. Jumamosi, baada ya sala ya kufunga Sabato, mzee aliitega kwa mikono yake mwenyewe. Kufikia Jumapili jioni tulikuwa tumetoa panya kumi na wanne. Munyoki akaziba kando ya bomba kwa saruji na chupa zilizovunjwa, tukasugua ukuta mpaka mstari ukatoweka.

Jumatatu bwana afya alipiga magoti na tochi yake. Aliinuka, akapangusa suruali, akatia sahihi.

Nilimshukuru Mungu, lakini niliikumbuka amina niliyomwitikia Truphena. Jioni ile nilimwambia mzee kwamba Sabato nitasimama wakati wa shuhuda niungame uongo wangu.

Aliweka kikombe chini. "Watauliza ulikuwa unafanya nini."

"Nitawaambia."

"Dada Perez, nusu ya kanisa hula hapa." Hakuniangalia. Aliangalia meza. "Tubu kwa Mungu peke yako. Anasikia."

Yule aliyebeba mitego kumi kwa karai kila Ijumaa asije akavunja amri, sasa alikuwa ananiomba ninyamaze. Na mimi ndiye niliyemfikisha hapo. Niliosha vikombe vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Sabato ilifika. Mzee wa kanisa alipouliza nani ana ushuhuda, nilisimama. Mzee Odero aliinamisha kichwa, na Truphena akamshika mkono.

"Wiki mbili zilizopita nilisema ninaumwa," nilisema. "Sikuwa ninaumwa. Naomba mnisamehe."

Kisha mama mmoja mbele akageuka. "Pole, dada. Ulikuwa wapi basi?"

Nilimwona Mzee Odero amefumba macho. Nilifikiria meza sita, na Munyoki, na stoo yangu.

"Nilikuwa ninaandika," nilisema.

"Kuandika? Perez, umejua kuandika?" Uso wake wote ulifunguka, na kanisa likasema amina, amina, wengine wakapiga makofi. Nilikaa chini. Mzee alipangusa jasho. Waliimba wimbo wa shukrani kwa ajili yangu, nami nilishika kitabu cha nyimbo wazi mbele yangu, kila neno likisomeka, nisiweze kuimba hata moja.