Gauni Lililokatwa kwa Jicho

Mume wangu hakuwahi kunipima. Wateja wote aliwapima, mnene kwa mwembamba, futi ikining'inia shingoni mwake tangu anapofungua mlango mpaka anapoufunga, lakini mimi nilikatiwa kwa jicho. Alitandaza kitambaa mezani, akanitazama mara moja nikiwa nimekaa kwenye cherehani yangu, akachukua chaki, akachora. Kesho yake navaa gauni, halibani wala halipwayi. Watu wakambandika jina la Fundi Jicho, naye akalipenda kuliko lile alilopewa na baba yake.

Ila siri ya bega hawakuijua. Bega langu la kushoto limeshuka kuliko la kulia, unene wa kidole kimoja hivi, tangu nilipoanguka utotoni. Hata mama aliyenizaa alikuwa amekwisha kulisahau. Siku niliyoingia kwa huyu mwanamume kutafuta kazi ya kupinda pindo na kushona vifungo, kabla hajaniuliza kama najua kutunga uzi kwenye sindano, aliniambia bega langu la kushoto linazionea nguo zangu, na kwamba atanishonea gauni ambalo hakuna atakayeliona bega hilo tena. Nikacheka. Mafundi cherehani na uongo ni pete na kidole. Lakini alinishonea kweli, na nilipojitazama kwenye kioo mabega yangu yalikuwa sawa kama ya watu wengine. Basi nikaolewa na mtu aliyeniona. Sina maelezo mengine ya kwa nini nilimpenda.

Tulikaa miaka kumi na tisa, tukapata watoto watatu. Chumba cha mbele kilikuwa ndilo duka: vyerehani viwili vimetazamana, meza ya kukatia katikati, pazia la kujaribia nguo kwenye kona, na ukutani misumari tuliyotundika nguo zilizokamilika zisubiri wenyewe. Tulibishana kutwa. Yeye alisema mishono yangu ni mikubwa kama ya kufunga magunia. Mimi nilimwambia suruali zake zinawafaa watu ambao hawana mpango wa kukaa. Wateja walikuja kusikiliza ugomvi wetu hata wasipokuwa na nguo ya kushona.

Mambo hayakuharibika kwa siku moja. Yalianza na taa ya chumbani. Mtu aliyezoea kusema giza ni la wezi akaanza kutaka taa izimwe. Nikasema moyoni, labda ni uzee. Kisha mchana mmoja, watoto wakiwa shuleni na duka tumelifunga kwa saa moja kama tulivyokuwa tukiiba zamani, nilifumbua macho nikakuta yake yamefumbwa, tena yamekazwa kama ya mtu anayejaribu kukumbuka namba. Nikamwita. Hakusikia. Nilikuwa chini ya mume wangu wa ndoa na nikawa mpweke kiasi hicho.

Baadaye akaanza kunitaka nifanye mambo nisiyoyajua, kwa sauti isiyo yake, kama mtu anayesoma maelekezo. Nilipokataa alininunia siku tatu. Nilipokubali ikawa mbaya zaidi, maana niligeukia ukuta nikalia, naye hakuuliza ninalia nini. Mwishowe hata hayo yakakoma. Tukawa tunalala kama abiria wawili wasiojuana. Nikajilaumu mimi: nikanunua mafuta ya kunukia, nikaacha kula usiku, nikachunguza kola za mashati yake nikitafuta rangi ya mdomo ya mwanamke fulani. Sikuona kitu. Ningeona, labda ningepumua.

Aliyenifungua macho ni dada tuliyemwita Muuguzi, mteja wetu wa sare tangu angali mwanafunzi wa uuguzi. Siku hiyo mume wangu alishika futi ili ampime, yule dada akarudi nyuma hatua moja, akaniambia, "Dada, leo nipime wewe." Nikampima. Fundi alipotoka kwenda kununua uzi, nikamuuliza kulikoni. Akasema hajaguswa vibaya, hapana, asije akamsingizia mtu. Ila macho ya Fundi yamebadilika. Zamani alimtazama kama anayewaza nguo ya kumvisha, siku hizi anamtazama kama aliyekwisha kumvua. Akasema si yeye peke yake, wenzake wawili wa wodini wamehamia kwa fundi mwingine kwa sababu hiyo hiyo. Nilimkasirikia. Nilimwambia wanawake wengine wakitazamwa kidogo tu hujiona malkia. Nilimtetea mume wangu kwa ulimi wangu huu, Mungu anisamehe, na yule dada akaondoka ameinamisha kichwa.

Wiki mbili baadaye Muuguzi alituma picha ya mshono anaoutaka, kwenye simu ya mume wangu, kama wateja wote wanavyofanya. Fundi alikuwa anapiga pasi kola ya shati, mikono yote ina kazi, akaniambia nimtafutie picha hiyo. Nadhani alikuwa amezoea mno hata akasahau kilichomo. Nikafungua. Nilikuwa natafuta mshono wa sare, nikakuta wanawake wasio na hata uzi mwilini. Si mmoja. Nilisukuma kwa kidole, wakaendelea kuja, nikasukuma, wakaendelea kuja, na wanaume wasio na nyuso juu yao, na video zilizopangwa kwa miezi na miaka.

Nitasema jambo la ajabu. Mimi ni fundi, na nilichokiona kwanza, kabla hata ya aibu, ni kwamba wote walikuwa wa kipimo kimoja. Kiuno cha kushikika kwa viganja viwili, kifua kimejaa kama kimetiwa upepo, nyonga pana, mabega sawasawa. Hakuna aliyezaa. Hakuna aliyewahi kuanguka utotoni.

Tukasikia harufu ya kitambaa kinachoungua. Alikuwa ameuona uso wangu, na pasi imeganda pale pale kwenye kola.

"Ni picha tu," akasema. "Sijamgusa mwanamke yeyote."

"Hata mimi hujanigusa," nikamjibu.

Nilimpelekea wifi yangu, dada yake mkubwa, mashtaka hayo. Akanipa chai, akaniambia macho hayana pazia, wanaume ndivyo walivyo, nishukuru kwamba si mwanamke wa kweli mwenye nyumba na watoto. Nikamwambia mwanamke mwenye nyumba ningemgongea mlango, tukatukanana, tukaamuliwa na majirani, nikarudi nikalala. Hawa nitawagongea wapi? Wifi akaniongezea chai.

Sitamdhulumu mume wangu. Alilia, na kilio chake kilikuwa cha kweli. Alisema ilianza kama mzaha, fundi mwenzake alimtumia video moja, akacheka, akaifuta. Kisha akaitafuta tena. Ikafika mahali hawezi kumaliza suruali moja bila kwenda chooni na simu. Alisema kila akitoka humo anajichukia, na kila akijichukia anarudi. Mbele yangu alifuta kila kitu, akaiuza simu ile, akanunua ndogo ya vitufe isiyoonyesha picha. Miezi mitatu ikapita. Akawa anaosha vyombo. Akawa ananiuliza nimelalaje. Taa ikawashwa tena, ingawa chini yake tulilala tu, tumeshikana mikono. Nikasema haraka haraka haina baraka, mtu akitoka kwenye ugonjwa hakimbizwi.

Ndipo yakakaribia mahafali ya binti yetu mkubwa. Siku moja asubuhi mume wangu alitoa kabatini kitambaa cha zambarau alichokuwa amekificha, akakitandaza mezani, akakilainisha kwa kiganja.

"Nitakukatia gauni," akasema. "Kwa jicho, kama zamani."

Nilifurahi kama mwehu. Sikumwambia yeye wala mtu yeyote, lakini niliweka ahadi moyoni: gauni hili likinienea, yamekwisha, nasamehe, sitayataja tena mpaka naingia kaburini. Lisiponienea, sibaki. Najua wapo watakaosema ndoa haipimwi kwa nguo. Hao hawajaolewa na fundi.

Alikata siku ya Jumanne. Nilikaa kwenye cherehani yangu, mgongo nimeunyoosha, bega langu sikulificha. Zamani alinitazama mara moja tu. Siku hiyo alinitazama kwa muda mrefu, akaangalia kitambaa, akanitazama tena, chaki ikiwa hewani. Nilidhani ni mapenzi. Nikainamisha uso kama msichana anayechumbiwa.

Ijumaa likawa tayari. Nikaingia nyuma ya pazia nikalivaa. Zipu ilipanda mpaka kiunoni ikagoma. Nikavuta pumzi, nikaminya tumbo, ikagoma. Nikaanza kulilaumu tumbo langu lililobeba watoto watatu. Lakini tumbo halikuweza kueleza kifua, kwa maana kifuani palibaki nafasi ya kutia ngumi mbili. Nyonga nazo zilining'inia kama mifuko mitupu. Na mabega yalikuwa yamekatwa sawasawa kabisa, kwa hiyo upande wa kushoto ukawa unateleza. Niliuinua, ukateleza. Niliuinua tena.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikuwa nimekivaa. Nilimjua mwenye gauni lile; nilimwona kwenye simu, nikamsukuma kwa kidole, akaja mwingine aliye sawa naye.

Nikatoka. Mume wangu alikuwa amesimama karibu na kioo, anatabasamu, ameandaa hata pini za kurekebishia. Tabasamu likamwishia mdomoni. Fundi anaweza kumdanganya mteja, lakini gauni likiwa mwilini hawezi kujidanganya mwenyewe. Aliangalia kiuno, akaangalia kifua, akakaa kwenye kiti changu.

"Nilifuta kila kitu," akasema. "Nakuapia, sijatazama tena."

"Najua."

Na nilijua kweli. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote. Laiti angekuwa ananidanganya, ningemchukia, nikapona. Alikuwa ameacha kuwatazama, na bado nilipokaa mbele yake mwili mzima, mchana kweupe, aliwaona wao.

Nikamwambia, "Basi nipime."

Alinyanyuka. Akavua futi shingoni. Ilipita kiunoni mwangu kwa mara ya kwanza tangu anijue, naye akaishika kwa vidole viwili, kwa mbali, kwa heshima, kama anavyowafanyia wateja. Akaandika kwenye daftari. Akapima kifua, akaandika. Akapima nyonga. Mimi nililia bila sauti, machozi yakidondoka kwenye kitambaa cha zambarau, nikimwombea. Ndiyo, nilimwombea. Nilisema, Mungu wangu, akifika begani atakumbuka.

Akafika begani. Akapima la kulia. Akapima la kushoto, akakunja uso, akalipima tena. Akainama kidogo, akaniuliza kwa ile sauti ya upole anayowatunzia wateja wenye kasoro, wasije wakaona haya.

"Hili bega la kushoto limeshuka. Limeanza lini?"

Nilimtazama kwenye kioo. Hakuwa anatania. Alikuwa ameshika penseli, anasubiri jibu.

"Andika tu, fundi," nikamwambia.

Akaandika. Nikarudi nyuma ya pazia, nikalivua lile gauni, nikalitundika msumarini pamoja na nguo za wateja, lisubiri mwenyewe. Nikavaa langu la zamani, lile la kwanza alilonishonea, ambalo limepauka lakini bado linanikaa. Kisha nikapita katikati ya vyerehani viwili, nikaenda kwa mama.