Tonge la Lois

Jumatatu ya tarehe kumi na tano Septemba 2025 ndiyo siku mambo yalipoharibika, na kama kawaida wakubwa walikuwa wamelala.

Francis, mlinzi wa jengo la wafanyakazi kule Al Garhoud, Dubai, alipanda juu ya paa alfajiri akakuta matonge ya wali wenye ufuta yametupwa kila kona. Msimamizi wao, Sir Bassam, alishasema kukionekana uchafu huko juu, mlinzi ndiye atajibu. Francis akashika ufagio. Khalas, kazi kwisha, pakang'aa.

Kunthea, Mkambodia anayefua mashuka ya hoteli, akamkuta anafunga mfuko wa taka.

"Kaka, umefagia nini?"

"Wali wa njiwa."

"Njiwa gani! Chakula cha wafu hicho! Majuma haya wafu wetu wanafunguliwa kutoka kuzimu, wanazunguka wakitafuta jamaa zao wawalishe."

Kijijini kwao mambo hayo yako mikononi mwa wanawake. Ndio wanaopika, ndio wanaopeleka sahani hekaluni, ndio wanaoamua kijana yupi anyolewe akawe mtawa. Hata Kunthea akiwa huku Dubai, kaka yake hauzi ng'ombe kabla ya kumpigia simu. Francis aliwahi kumuuliza wanaume wa kwao hufanya nini. "Wanakubali," akajibiwa.

"Na lile tonge la karibu na tangi," Kunthea akasema, "nilimtupia mke wako. Ulinisimulia habari zake, sikusahau."

Francis akakalia ndoo. Mkewe Lois alizikwa kwao Kitale, Kenya, yeye akiwa hapa getini, kwa sababu ofisi ilimnyima likizo. Hakumtupia hata konzi ya udongo. Na leo amemfagia pamoja na vumbi.

"Mimi ni mtu wa kanisa, dada," akasema, lakini sauti ilishalegea.

"Sijakuuliza kanisa. Kesho, kabla ya jua, utamtupia mwenyewe."

"Na Bassam?"

"Bassam aliamka lini kabla ya jua?"

Francis akacheka, kisha akakuna kichwa. "Lakini Lois na wali wapi na wapi? Wali kwake ulikuwa wa Krismasi. Yule alikuwa mtu wa ugali."

Kunthea akatoa simu. Akampigia mama yake kwa video. Mama akaita akina bibi wa hekaluni, wakajazana kwenye simu, kila mmoja na lake. Wakataka kuuona huo ugali. Francis akashuka jikoni, akausonga, akawaonyesha. Wakaukodolea macho.

Mpaka sasa wanabishana: mtu aliyekufa akiwa wa ugali, akitupiwa wali, atashiba kweli?