Spidi Niliyoiongeza

Wa kulaumiwa ni wengi na nitawafikia, lakini naanza na mimi, Ildefonsi, kwa sababu mkono ulioiharibu ile kompyuta ni wangu.

Septemba 2013 nilikuwa na kibanda cha bati pale Kibondo mjini. Mchana nachapa barua, jioni watu wanacheza mpira kwenye kompyuta hiyo hiyo, Pentium 4 ya mtumba niliyoinunua Kasulu mwaka ule kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilipofungwa. Mteja wangu mkubwa alikuwa Mwalimu Brighton, mtumishi aliyeletwa kwetu kutoka Moshi, na hakuna siku aliyokosa la kusema.

"Fundi, huyu mshambuliaji wako anakimbia kama kabeba gunia la mihogo!"

"Mashine ya zamani hiyo, mwalimu."

"Wa zamani ni wewe. Wenzako Moshi wanapandisha spidi ya prosesa, mchezo unateleza. Au hayo hukufundishwa?"

Sikufundishwa chochote, na yeye alijua. Nilijifunza redio kwa kufungua redio, na kompyuta kwa kufungua kompyuta. Neno lake lilinichoma. Kesho yake alfajiri, baridi ya kwetu ile ya kuvaa sweta mbili, nikaingia kwenye mipangilio ya ndani ya mashine nikaipandisha prosesa kutoka gigahezi 2.4 hadi 2.9. Nikafungua ubavu wa boksi, nikaegemeza feni hapo. Halafu nikaugeukia mchezo wenyewe: nikashusha ukali wa picha, nikazima vivuli, nikazima mvua. Bado ulikuwa unakwamakwama. Nikawatoa mashabiki jukwaani, watu elfu arobaini kwa kubonyeza mara moja. Uwanja ukabaki mtupu na mpira ukateleza kama mafuta.

"Sasa hapo!" Brighton alisema jioni ile, anacheka. "Wale walikuwa wanakula nguvu ya bure tu."

Nikacheka naye. Nilikuwa nimeijaribu mashine alfajiri na jioni, kwenye ubaridi. Saa saba mchana chini ya bati sikuifikiria.

Siku ya tatu, saa saba mchana, akaja Kezia.

Kezia ni Muha wa kijiji cha Murungu, babu zake wamezikwa Murungu. Mume wake Ndayisenga alivushwa mpaka wa Burundi mwaka 1972 akiwa mgongoni kwa mama yake, hajaanza hata kutambaa. Kalima hapo, kaoa hapo, kazaa wanne hapo. Mwaka 1987 askari walimchukua baba yake kwenye msako wa wahamiaji. Mwaka 1997 walimchukua yeye shambani, jembe mkononi, wakamweka kambi ya wakimbizi miezi minane. Watu huniambia, Ildefonsi, mambo hayo yamepita. Nayakumbuka kwa sababu wanaoyafanya wanategemea tuyasahau. Na sasa lilikuwa zoezi jingine la kuondoa wahamiaji, na Ndayisenga alikuwa amekalishwa chini kwenye uwanja wa mjini tangu asubuhi. Wamemwambia alete barua ya kijiji kwamba ni mkazi anayejulikana. Ichapwe, ya mkono hawapokei. Ifike kabla ya saa nane, lori linaondoka.

Kezia alikuwa na kitindamimba mgongoni. Nyuma yake Sylvesta, mtendaji wa kijiji, muhuri mfukoni, bodaboda inanguruma nje.

"Fanya haraka, fundi. Nina kikao Kasulu, nimeshachelewa."

Nikachapa. Mstari wa nne mashine ikaganda. Nikaizima, nikaiwasha: kioo cheusi. Nikagusa chuma cha kupozea prosesa, kikaniunguza kidole.

"Vipi?" Kezia akauliza.

"Imepata joto."

"Imana yanje, Mungu wangu. Leo?"

Njia ilikuwa moja, kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani. Nikachomoa betri ndogo ya ubaoni, nikaipepea mashine kwa gazeti huku Sylvesta anapiga honi ya bodaboda isiyo yake, nikairudisha betri. Ikawaka. Nikachapa upya, nikatoa karatasi, Sylvesta akaweka saini, akagonga muhuri, akapanda, akaenda. Hakuisoma. Na mimi sikuisoma.

Kezia alikimbia, nami nikafunga kibanda nikamfuata. Uwanjani ofisa wa kikosi aliipokea barua vizuri tu. Aliisoma taratibu kutoka juu. Hakufika mbali.

"Mama, hii imeandikwa lini?"

"Sasa hivi, mwanangu."

"Hapa imeandikwa tarehe moja Januari 2002." Akamwonyesha mwenzake. "Mtendaji wenu mwaka huo si alikuwa shule ya msingi? Mnafoji, basi fojini kwa akili."

Betri ile ndiyo hutunza saa ya mashine. Ukiichomoa, tarehe inarudi ilikoanzia. Na barua zangu zote zilijijaza tarehe zenyewe, ufundi nilioutangaza hadi kwenye kibao cha mlangoni.

"Afande, kosa ni langu," nikasema. "Nilichomoa betri ya kompyuta, saa yake ikarudi nyuma."

"Betri."

"Ndiyo, afande. Nilikuwa nimeongeza spidi kwa ajili ya mchezo wa mpira..."

"Mchezo wa mpira." Waliangua kicheko wote wawili. "Haya, lete nyingine yenye tarehe ya leo."

Nilikimbia. Nikachapa, tarehe nikaiweka kwa mkono wangu, nikaisoma mara tatu. Nikampigia Sylvesta, simu haipatikani, ameshashika njia ya Kasulu na muhuri wake. Nikairudisha karatasi uwanjani ikiwa na jasho langu.

"Muhuri uko wapi?" ofisa akauliza.

"Anakuja nao jioni."

"Jioni mwenzenu atakuwa kwao."

Kwao! Mtu aliyetambaa Murungu.

Walianza kuwapandisha. Ndayisenga alipanda bila kusukumwa, kama mtu anayeijua njia. Juu kule akageuka akapaza sauti kwa Kiha kwamba maharage ya mbegu yako darini, panya wasiyamalize, na kwamba Ange, mkubwa wao, asiachishwe shule. Kezia alikaza kitenge kilichomshika mtoto, akalisogelea lori, akakanyaga tairi.

"Shemeji, shuka," nikamwambia. "Wewe ni wa hapa. Watoto wengine je?"

"Wako kwa mama. Utamwambia." Hakunitazama. "Kwa barua zako tutamwona lini tena huyu?"

Alimpa Ndayisenga mtoto kwanza, kisha akajivuta juu. Ofisa alikuwa amesimama hatua mbili, kalamu mkononi. Alihesabu vichwa, akaandika wawili zaidi, akagonga bodi la lori lianze safari. Karatasi hakumwuliza.