Boila la Života

“Litupe, Desanka! Dari langu linamwaga machozi kuliko wewe mjane mwenyewe!” Gordana wa ghorofa ya chini alifoka mlangoni.

Desanka aligeukia boila lake bovu la kuchemshia maji, lililokuwa likivuja. Kila majira ya baridi marehemu mumewe, Života, alilichomelea, na maji yakichemka lilivuma kama yeye alivyovumisha wimbo puani akinyoa ndevu. Sasa pia lilivuma, mvuke ukatanda, Desanka akawa kama anamwona mumewe na povu la sabuni kidevuni.

“Haya, shoga, umeshinda. Nitanunua jipya.”

Gordana akanywea. “Jipya litavuma?”

“Mapya hayavumi.”

“Sasa mimi nitalalaje? Života wako ndiye anayenibembeleza!”

“Mwizi wa waume we!” Desanka akacheka hadi machozi. “Basi fundi aje alizibe. Ingia, kabichi zilizojazwa nyama zinapoa.”